Kadi Haikubali Maua

Mke wangu Laurencia alikuwa na karatasi. Aliikunja mara nne akaiweka kwenye pochi, pamoja na kadi ya chakula. Upande mmoja aliandika INAKUBALI. Upande wa pili HAIKUBALI. Karatasi hiyo ninayo. Imechanika kwenye mikunjo.

Kadi ni ya serikali. Wanapewa watu wenye kipato kidogo, na sisi chetu kilikuwa kidogo. Kila mwezi wanaweka kitu ndani yake. Unakwenda dukani, unaipitisha kwenye mashine, unabonyeza namba zako nne. Lakini siyo sawa na pesa. Pesa haikuulizi unanunua nini. Kadi inauliza.

Laurencia alijua majibu yote. Kanisani kwetu Minneapolis kuna Wakenya wengi, Wakongo, na sisi Watanzania wachache. Mgeni akipata kadi aliambiwa, nenda kwa Ma Laurencia. Kwetu Uhayani mama wa heshima huitwa Ma, na baba huitwa Ta, na Wakenya nao wakafuata.

Aliwakalisha kwenye kochi akawapa chai. Halafu akaanza.

"Ndizi mbichi, inakubali. Ndizi iliyopikwa, ya moto, haikubali. Asali inakubali. Dawa ya kikohozi haikubali. Keki inakubali. Mshumaa wa kuchomeka kwenye keki haikubali."

Mama mmoja Mkongo, Maombi, alimwuliza, "Na sabuni, mama?"

"Haikubali."

"Sasa tutaoga na nini?"

"Serikali inataka ule. Kuoga ni shauri lako."

Maombi alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mimi nilikuwa dirishani. Maneno ya nyumba ile yalikuwa yake.

Na habari ya kuku. Pale dukani wanabanika kuku, unasikia harufu kutoka mlangoni. Kuku wa moto kadi haimtaki. Lakini asiponunuliwa, jioni wanamtia kwenye friji, na akishapoa kadi inamkubali. Kuku ni yule yule. Laurencia alikuwa anamwangalia kuku kupitia kioo kama mtu anayesubiri basi. Nilimwambia twende nyumbani. Aliniambia, "Ta Valerian, serikali ya hapa inakulisha lakini haikupikii. Subiri apoe." Tulisubiri kwenye benchi karibu na mlango. Tukampeleka nyumbani, tukampasha moto.

Sasa kuku akipoa ninampita tu, simnunui.

Nilimjua Laurencia kwenye kisomo cha watu wazima, Kamachumu. Mimi nilikuwa mtu mzima sijui hata a. Yeye alikuwa binti amemaliza shule, wakampa darasa letu atufundishe. Alinipiga kidole kwa rula kwa sababu nilishika kalamu kama jembe. Mwaka uliofuata nikapeleka mahari kwao. Hizi herufi ninazoandika ni zake.

Baadaye akawa muuguzi. Bahati nasibu ya kuja Marekani ni yeye aliyeijaza, ni yeye aliyeshinda. Mimi nilikuja kwa kuwa ni mume wake. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee, na mimi nilifua mashuka ya wazee hao hao, chini, kwenye mashine. Tulipanda basi moja. Miaka ikaenda. Tukawa wazee wenyewe.

Mtoto wetu Gasto ni nesi. Anakaa Apple Valley na mkewe na binti yao Fiona. Ni mtoto mzuri Gasto. Ana zamu nyingi. Fiona nikimsemesha Kiswahili ananielewa, ananijibu Kiingereza, halafu tunaangaliana.

Laurencia aliumwa figo. Alijua mambo ya hospitali, kwa hiyo alijua kabla yetu. Siku moja aliniambia tusogeze kitanda aone nje. Chini kulikuwa na uwanja wa nyasi, umekatwa vizuri, hauna kitu.

"Makaburi ya hapa yako hivi," alisema.

"Ndiyo."

"Kunirudisha nyumbani mtaweza?"

Nilimwekea mto vizuri. Gharama ya kumrudisha ilitushinda, na alijua.

"Basi usiniache nyasini, Ta Valerian."

"Sitakuacha."

Asiyetoka kwetu hawezi kujua alichoomba. Kwetu mtu anazikwa kibanjani, ndani ya migomba, karibu na nyumba. Chini ya migomba wanawake wanapanda maharage. Mama yake Laurencia amelala hivyo, maharage yamemzunguka, kuku wanapita. Nyasi ni rweya. Rweya ni nje ya kibanja, ng'ombe wanalishwa huko. Mtu mwenye watu wake halali rweya.

Tulimzika Novemba. Theluji ikaja ikafunika. Wakati wa theluji sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu makaburi yote yalikuwa sawa.

Mwezi wa tatu walinipigia simu watu wa kaunti. Kila mwaka wanahakikisha kama bado unastahili kadi. Afisa anaongea Kiingereza, mkalimani anageuza. Mkalimani alikuwa mwanamke, Kiswahili chake cha Nairobi.

"Mzee, wanauliza, ni watu wangapi hapo nyumbani wananunua chakula na kupika pamoja?"

Niliangalia kiti chake.

"Mzee, uko?"

"Nipo."

"Ni wangapi?"

"Mmoja."

"Fomu ya mwaka jana inasema wawili. Huyo mwingine alihama?"

"Alihama."

Wakaongea Kiingereza kidogo.

"Wanaomba anwani yake mpya, mzee."

Nikamwambia ni makaburini. Nikamtajia jina la mahali na barabara, kwa kuwa ameuliza. Mkalimani hakugeuza. Nilisikia anapumua. Halafu akageuza, polepole.

"Wanasema poleni sana," mkalimani alisema. "Na mimi pia, mzee wangu."

"Asante."

"Wanasema kadi itaendelea. Ya mtu mmoja."

Ya mtu mmoja inatosha. Mtu mmoja hali sana.

Theluji ikaisha. Nikaenda kumwona. Unapanda treni mpaka mwisho wa reli, halafu basi la Apple Valley, halafu miguu. Udongo wake ulikuwa umekaa chini, mweusi. Wameshamwaga mbegu za nyasi juu, zimeanza kutoka kama ndevu. Kushoto kwake kuna maua. Kulia kwake kuna maua. Kwake hakuna.

Nilimpigia Gasto.

"Baba, usijali. Maua nitaleta mimi. Jumamosi."

Jumamosi mwenzake kazini aliumwa, wakamwita. Jumamosi ya pili vilevile. Simlaumu. Wagonjwa hawajui Jumamosi.

Nikaenda dukani mwenyewe. Pensheni yangu inaishia kwenye kodi, inayobaki ni ya basi na sabuni. Lakini kwenye kadi kulikuwa na kitu, maana nilikuwa sili sana. Nikachukua mkate, maziwa, na maua ya njano yaliyofungwa kwenye nailoni. Nikapanga foleni ya Rahab. Rahab ni keshia pale, Mkenya, anakaa mji wa Savage, tunasali pamoja. Foleni yake hata ikiwa ndefu ninasimama hapo.

Mkate ukapita. Maziwa yakapita. Maua, mashine ikalia.

"Mzee wangu, hii inakataa."

"Jaribu tena."

"Hata nikijaribu mara mia itakataa tu. Maua si chakula."

"Ng'ombe wanakula."

"Basi ulete huyo ng'ombe aombe kadi yake." Alicheka. Halafu aliona uso wangu. Akashusha sauti. "Ni ya Ma Laurencia?"

"Ndiyo."

Akainama kuchukua mkoba wake mwenyewe.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Maua ya mke wangu nanunua mimi."

"Nilikuwa nataka tu kusaidia."

"Najua."

Watu nyuma yangu walikuwa wanangoja. Rahab akayaweka maua pembeni. Yalikuwa yanadondosha maji. Akaniambia, "Lakini mzee, kitu cha kupanda, chenye utakula, hiyo inaingia. Mbegu, miche. Nyanya, sukuma. Hata pilipili."

"Marehemu nimpelekee pilipili?"

"Mimi nakuambia tu chenye mashine inasema."

Nikaenda nyumbani. Nilikula mkate. Nilitoa karatasi ya Laurencia, nikasoma upande wa INAKUBALI kutoka juu. Mimi nasoma polepole, na huwa nachoka katikati. Siku ile nilifika chini. Mstari wa mwisho ulikuwa mdogo, kalamu nyingine. Aliandika: mbegu za kupanda.

Alikuwa ameshapita huko kabla yangu.

Kesho yake nilirudi nikachukua pakiti ya mbegu za maharage. Rahab aliigeuza mkononi.

"Maharage? Si ulikataa?"

"Pitisha."

Mashine haikulia vibaya.

"Imeingia," Rahab alisema, na akaiweka mkononi mwangu mwenyewe, siyo kwenye mfuko.

Sasa niseme ukweli. Kwetu maharage hupandwa na mwanamke. Mwanamume anashika migomba. Nilikuwa na miaka sabini na sita na sijawahi kupanda mharage hata mmoja. Nilikwenda na kijiko cha chakula kwenye mfuko wa koti. Nikapiga magoti. Nilikumbuka tu kwamba alikuwa anaweka mbegu mbili kila shimo. Sikujua shimo liwe na kina gani. Aliyejua alikuwa chini yangu.

Nilipanda mistari miwili, kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikamwagia maji ya chupa. Nikamwambia, "Ma Laurencia, siyo kibanja, lakini siyo nyasi."

Baada ya siku kumi nilikwenda, yametoka. Yameinama shingo, mengine bado yamevaa ganda kichwani. Nilikaa hapo mpaka nikakosa basi.

Nilipokwenda tena hayakuwepo. Nilidhani nimekosea kaburi. Nikasoma jina kwenye kibao kidogo cha bati, ni lake. Halafu nikaona vishina. Vimekatwa vyote urefu mmoja, pamoja na nyasi. Mashine ya kukata imepita juu ya Laurencia ikaenda kwa jirani.

Mzungu mmoja alikuwa anakuja na kigari. Mtu mzima kama mimi, kofia imepauka. Ndiye anayekata. Nilimwonyesha vishina. Aliviangalia. Aliongea, mimi nikashika maneno mawili matatu. Akanipeleka kwenye kibao kikubwa mlangoni, akaniwekea kidole kwenye mstari. Nikaelewa: hakuna kupanda ardhini. Akaona sijaondoka. Akanionyesha makaburi mengine, pale maua yalipo. Yote yalikuwa kwenye vyungu, yamesogezwa karibu na jiwe ili mashine ipite. Akafanya mikono duara. Chungu, ndiyo. Ardhi, hapana.

Kumbe na huko kuna inakubali na haikubali. Laurencia angekiandika kibao kile chote kwenye karatasi.

Gasto alisikia. Sijui nani alimwambia, labda nilimwambia mimi. Akanipigia simu akiwa kwenye gari.

"Baba. Umepanda maharage juu ya mama?"

"Ndiyo."

"Baba, hapa siyo Kamachumu."

"Najua. Wameyakata."

"Watu watatuonaje?"

"Watu gani?"

Nilisikia gari lake, kile kitu cha kugeukia kona, tik tik tik.

"Ungeniambia ningeleta maua."

"Uliniambia utaleta."

Tik tik tik. Halafu ikaacha.

"Mama alikuomba maharage?"

"Aliomba asilale nyasini."

Gasto alizaliwa Kamachumu. Rweya anaijua. Akasema lazima aingie kazini, na sauti yake haikuwa nzuri. Jiwe lilikuja wiki tatu baadaye. Alilipia yeye. Mpaka leo hatujaliongelea.

Chungu kadi haikubali. Kwa hilo sikuhitaji karatasi. Lakini nyumbani kulikuwa na sufuria. Laurencia alikuja nayo kutoka kwetu ndani ya begi, nguo zimejazwa ndani yake. Afisa wa uwanja wa ndege alimwuliza ni nini, akamwambia, ni jiko langu. Ndiyo aliyopikia maharage. Chini imekuwa nyeusi na masikio yamelegea. Tangu Novemba sikuwa nimepikia humo.

Ukiweka udongo kwenye sufuria bila tundu, mizizi inaoza. Hilo nalijua hata mimi. Nikaigeuza sakafuni, nikachukua msumari na nyundo. Nilikaa nayo hivyo muda mrefu. Ukishatoboa sufuria siyo sufuria tena. Hakuna atakayepikia humo.

Nikatoboa matundu matatu.

Mbegu zilikuwa zimebaki kwenye pakiti. Udongo nilichota kwake, pale ulipokuwa bado haujashikwa na nyasi. Nikaiweka karibu na jiwe. Yule mzee wa kigari alipita, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, akainua kidole kwenye kofia.

Kiangazi cha hapa ni kikali ingawa ni kifupi. Sufuria inakauka haraka. Nilikwenda kila baada ya siku mbili. Treni, basi, miguu, na chupa mbili za maji. Wakati mwingine miguu ilikataa. Mara moja nilikaa siku nne sijaenda, nikajua nitakuta yamekufa. Nikakuta udongo umelowa. Mvua haikunyesha wiki hiyo. Nilitafuta kigari kwa macho, kilikuwa mbali, kimenigeuzia mgongo.

Kila nilipofika pale nilikuwa namweleza habari. Maombi amepata mjukuu. Rahab anakusalimu. Fiona amenisemesha Kiswahili, neno moja, "shikamoo", nikamjibu marahaba mara mbili. Habari zikaisha haraka. Mimi sina maneno. Miaka yote alikuwa anasema yeye na mimi naitikia, sasa nimebaki na kuitikia tu.

Katikati ya mwezi wa saba nilifika, nikaona kitu cheupe kwenye majani. Nilidhani ni karatasi imepeperuka. Nilipoinama nikaona ni maua. Madogo. Matano, sita. Kwetu maharage yanatoa maua kila msimu na sijawahi kuyaangalia. Nani huangalia maua ya maharage? Mtu anaangalia chakula.

Nilikaa kwenye nyasi. Nikatoa kadi mfukoni, sijui kwa nini, nikaiweka kwenye jiwe aione.

Mwisho wa mwezi huo Gasto alikuja. Alinikuta pale, sikujua kama atakuja. Alikuwa na nguo za kazi na maua ya dukani mkononi, ya njano. Aliiona sufuria.

"Hii si ya mama?"

"Ndiyo."

"Umeitoboa."

"Ndiyo."

Akachuchumaa. Aligusa sikio la sufuria lililolegea, akalichezesha, kama alivyokuwa anafanya akiwa mtoto anasubiri chakula. Alikaa dakika kumi. Simu yake ikaita. Maua yake yalidumu siku tatu, joto lilikuwa kali.

Mwezi wa tisa maganda yalikauka. Niliyachuma yote, yakaenea kwenye mfuko wa koti. Nyumbani niliyapukuchua juu ya meza. Yalikuwa ya mlo mmoja, wa mtu mmoja. Niliyachemsha kwenye sufuria nyingine, mpya, inayong'aa, Gasto aliinunua. Nikatia chumvi. Hayakuwa kama yake. Niliyamaliza.

Lakini kabla ya kupika nilikuwa nimetenga mengine kwa mbegu. Nilichagua punje kumi na mbili, zisizo na kovu, nikazifunga ndani ya karatasi yake, kwenye mikunjo ile ile, nikairudisha kwenye pochi. Mwakani sitahitaji kadi. Zitapandwa mbili mbili.

Kama sitakuwepo, Gasto, ziko hapo. Shimo lisiwe refu. Kidole mpaka kiungo cha kwanza, inatosha.